Gari Lisilo na Nembo

Chukulia gari la namna hii limekutwa nyuma ya gereji mojawapo mjini Sumbawanga. Ni la viti viwili, halina paa, boneti yake ni ndefu kuliko sehemu zote zilizobaki, na limekaa chini kiasi kwamba abiria akinyoosha mkono anagusa ardhi. Mbele halina nembo, nyuma halina jina. Wekundu wake umepauka kwa jua la uwanda huu ulioinuka zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Watu watakusanyika, na majibu hayatakosekana. Mmoja ataapa kuwa ni Ferrari. Mwingine, aliyewahi kufanya kazi Copperbelt, atasema ya namna hiyo yalikuwa ya Wazungu wa Rhodesia. Kijana atalipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Fundi mkongwe hatasema neno. Atatafuta gunia, atalitandika chini, atajilaza chali na kuingia uvunguni.

Fundi huyo ndiye aliyeshika njia. Gari lililoundwa nyumbani halitambuliwi kwa sura, kwa kuwa sura ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuitunga. Bodi inaweza kuwa ya bati lililonyooshwa kwa nyundo, ya faibaglasi iliyomwagwa kwenye kalibu, hata ya mbao. Mtu mwenye subira na karakana ndogo anaweza kuipa umbo lolote alilolitamani. Asichoweza ni kusubu bloku ya injini, kuchonga meno ya gia, kutengeneza difu, kukunja kioo cha mbele bila kukipasua, au kutoa taa ya nyuma yenye plastiki ya rangi mbili. Hivyo vyote atavitoa kwenye gari jingine. Anayetafuta asili ya gari lisilo na nembo huanza na orodha ya vitu ambavyo mwenyewe alishindwa kuviunda.

Kwa Tanzania, kazi hiyo ina njia ya mkato. Magari mengi yanayotembea nchini ni yale yaliyotumika Japani yakashushwa bandarini Dar es Salaam, na yanayofika Sumbawanga hupanda kupitia Mbeya na Tunduma, kisha hufuata zaidi ya kilomita 220 za barabara iliyowekwa lami kwa fedha za Marekani, chini ya mkataba na shirika la misaada la nchi hiyo, MCC, uliosainiwa mwaka 2008. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 ambayo dunia nyingine iliizoea kuanzia miaka ya 1980. Lina namba fupi yenye kistari katikati, na sehemu iliyo kabla ya kistari inasomeka kama ukoo.

Ukikuta SR40, hiyo ni Toyota Noah: S ni jamii ya injini, R ni tawi la magari ya aina hiyo. GX100 ni Mark II au ndugu yake Chaser, kwa maana X ndiyo tawi lao na G ni injini. NCP60 ni IST, gari ambalo halihitaji kutambulishwa kwa Mtanzania yeyote. Injini nazo husema. Kwenye 1NZ-FE, tarakimu ya mwanzo ni namba ya injini ndani ya jamii yake, NZ ni jamii, F inaonyesha kichwa cha silinda chenye kamshafti mbili kilichobuniwa kwa matumizi ya kawaida, na E ni mfumo wa umeme wa kuingiza mafuta. Ikitokea G mahali pa F, kama kwenye 4A-GE, kichwa kile kilibuniwa kwa ajili ya kasi. Herufi moja inatosha kumwambia fundi kama aliyeunda gari alikuwa anatafuta mbio au alichukua injini aliyoipata.

Hapo ndipo wapenzi wengi wa magari hujikwaa. Wakishaona namba, hutangaza kwamba fumbo limefumbuliwa: “Kumbe ni Corolla!” Lakini namba ya injini inamtaja mfadhili tu, gari lililochinjwa ili jingine lizaliwe. Haisemi ni nani aliyelizaa, wapi, wala kwa nini. Inabidi kuchukua futi kamba.

Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni ushahidi mgumu kughushi. Volkswagen ya mgongo wa kobe ina milimita 2,400. Mwaka 1964, huko California, Bruce Meyers alitengeneza bodi ya faibaglasi iliyo wazi, akaiita Meyers Manx, ambayo baadaye ilikalishwa juu ya sakafu ya Volkswagen hiyo baada ya kuikata na kuifupisha kwa karibu sentimita 37. Gari likawa jepesi, likaruka juu ya mchanga, na likaigwa kila mahali. Meyers alikwenda mahakamani kuwazuia walioiga akashindwa, na nakala zikawa nyingi mara kadhaa kuliko gari lake mwenyewe. Ndiyo maana hadi leo mtu akiokota gari la aina hiyo, kwanza hupima sakafu, kisha hutafuta mshono wa kuchomelea, kisha huinua kiti cha nyuma kuangalia namba iliyogongwa juu ya mgongo wa kati wa sakafu. Bodi inaweza kuwa ya mtu yeyote, ila sakafu ni ya Volkswagen.

Boliti za magurudumu zina lugha yao pia. Land Rover ya zamani ina tano, zimepangwa kwenye duara la milimita 165.1. Toyota ndogo huwa na nne kwenye duara la 100, na kubwa kidogo zina tano kwenye 114.3. Citroën 2CV ina tatu tu. Mtu anaweza kubadilisha rimu, lakini kubadilisha habu ni kazi nyingine, na anayeunda gari uani kwake kwa kawaida huiacha kama ilivyokuja.

Taa za nyuma ni kesi ya kuchekesha zaidi. Lotus Esprit ya kwanza ilivaa taa za Fiat X1/9. Jaguar XJ220, gari lililonunuliwa na matajiri wakubwa, lilipewa za Rover 200. McLaren F1, ambayo mwaka 1998 ilikimbia zaidi ya kilomita 386 kwa saa, ilizaliwa na taa za basi la abiria la kampuni ya Bova ya Uholanzi. Wenye viwanda, wahandisi na fedha waliona kuunda taa mpya ni gharama isiyo na sababu, wakaenda kununua zilizopo. Sasa kwa nini fundi wa Sumbawanga achekwe akifunga taa za Hiace kwenye gari lake la mbio?

Ukoo wa magari haya ni wa watu wa kawaida. Mwaka 1948 Colin Chapman, kijana wa London, alichukua Austin Seven iliyochoka akaiunda upya katika karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Hiyo ndiyo Lotus ya kwanza. Mwaka 1957 ilitoka Lotus Seven, gari lisilo na kitu cha ziada, likauzwa likiwa vipande ili mnunuzi alifunge mwenyewe, na sababu kubwa ilikuwa kodi: Waingereza walitozwa kodi ya ununuzi kwa gari zima, wakasamehewa kwa vipande. Kodi hiyo ilipofutwa mwaka 1973 na nafasi yake kuchukuliwa na VAT, biashara ya vipande ilipoteza nguvu, lakini watu hawakuacha kuunda. Mwaka 1996 mwalimu Ron Champion alichapisha kitabu kilichoonyesha namna ya kujitengenezea gari la mbio kwa pauni 250, kwa kulichinja Ford Escort na kuchomelea fremu ya mabomba ya mraba. Magari yaliyotokana na kitabu hicho hayahesabiki, na hakuna mawili yanayofanana kabisa.

Serikali ya Uingereza ilipata njia ya kuishi nayo. Gari ambalo umri au asili yake haiwezi kuthibitishwa hupewa kibao cha namba kinachoanza na Q. Wenye magari hawakipendi, kwani kinapunguza bei. Hata hivyo kina uungwana wake: kinakubali hadharani kwamba gari lina mababu wengi.

Afrika Mashariki ina orodha yake, na inafaa kusomwa kwa macho yale yale ya uvunguni. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Magari matano ya majaribio yalitoka, yakaitwa Nyayo Pioneer, na yalifikia kilomita 120 kwa saa. Shirika la kuyazalisha liliundwa, fedha zikakosekana, na shirika lenyewe likageuka kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha kuchonga vipuri vya chuma kwa viwanda vingine. Kwa jicho la siasa huo ni mradi uliokufa. Kwa jicho la fundi, Kenya ilikosa gari ikapata mashine za kuchonga vile vitu ambavyo muunda gari huvikosa, na pengine huo ndio mwanzo uliotakiwa tangu awali.

Miaka miwili kabla ya agizo la Moi, Mwingereza Tony Howarth alikuwa ameendesha magari aliyoyaita Africar kutoka Aktiki hadi Ikweta. Bodi zilikuwa za plaiwudi iliyoloweshwa gundi ya epoksi, na mitambo ilikuwa ya Citroën. Wazo lake lilikuwa kwamba Afrika ina mbao na maseremala kuliko mashine za kukandamiza bati, kwa hiyo gari lake lianzie hapo. Kampuni yake, iliyokuwa Lancaster, ilianguka mwaka 1988 kabla ya kuiletea Afrika magari yaliyokusudiwa. Wazo halikuwa la kijinga. Anayelikuta Africar leo hana haja ya nembo: agonge ubavu kwa kidole asikie mbao, kisha ahesabu boliti za gurudumu.

Kutoka Goma hadi Beni, mashariki mwa Kongo, maseremala walilichukua wazo kama hilo hadi mwisho bila kumsubiri mtu wa Lancaster. Chukudu ni chombo cha mbao tupu, magurudumu mawili, usukani, na ubao wa kubebea viazi, mkaa na saruji. Mpira wa tairi kuukuu uliopigiliwa kwenye gurudumu ndio karibu kitu pekee kilichotoka kiwandani. Mtu anayetaka kujua chukudu imetoka kijiji gani aangalie mti na mkono wa seremala, maana namba ya kusoma haina. Goma imeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara.

Kampala ilikwenda njia ya chuo. Wanafunzi na walimu wa Makerere walishiriki Vision 200, mradi wa vyuo vya nchi nyingi ulioongozwa kutoka MIT, na gari lake lilionyeshwa Turin mwaka 2008. Walirudi na ujuzi, wakaunda Kiira EV, gari la umeme la viti viwili lililoendeshwa hadharani Novemba 2011. Kutokana nalo lilikuja basi la Kayoola, lililoonyeshwa mwaka 2016. Dar es Salaam nayo iliona mambo Machi 2022, pale mchora katuni Masoud Kipanya alipozindua gari dogo la umeme. Wapo waliouliza mara moja, kwa ile sauti yetu ya kubeza, betri imetoka wapi na mota imetoka wapi. Swali ni halali kabisa, ila liulizwe kwa McLaren pia.

Ikiwa kigezo ni kuunda kila kitu kwa mkono bila kuazima, mshindi hatapatikana Nairobi, Kampala wala London. Atapatikana hapa hapa Ufipa, ilipo Sumbawanga, na alichokiunda hakikuwa na magurudumu.

Wafipa walikuwa wakichimba mawe ya chuma, wakichoma mkaa wao, na kujenga matanuru marefu ya udongo yanayoitwa malungu, yenye kimo cha mita 3 hivi, mara nyingi karibu na kichuguu kwa sababu udongo wake unavumilia moto. Ilungu halikuhitaji mtu wa kuvukuta. Lilikuwa na matundu pande zote chini, na urefu wake wenyewe ulivuta hewa kutoka matunduni kupanda juu. Chuma hakikuyeyuka kikatiririka. Kilijikusanya ndani kama bonge zito lililochanganyika na uchafu, kisha bonge hilo likapelekwa kwenye kintengwe, tanuru dogo la mivukuto, likasafishwa hadi likawa chuma cha kufulia jembe. Kazi ilikuwa na miiko mizito, na ilungu lilipambwa na kuheshimiwa kama bibi harusi. Padri Wyckaert wa Wamisionari wa Afrika aliandika juu ya wahunzi hao katika jarida la Anthropos mwaka 1914, na mwaka 1937 Greig alichapisha maelezo yake katika Tanganyika Notes and Records. Kufikia wakati huo majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yalikuwa yameshauvunja mgongo ufundi huu.

Mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyefanya kwa matanuru ya Ufipa kile ambacho fundi wetu anakifanya chali juu ya gunia. Katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1995 kwenye Chuo Kikuu cha Florida, na katika maandiko yaliyofuata, alionyesha kwamba anayesema “chuma cha Wafipa” kana kwamba ni kitu kimoja anakosea. Kulikuwa na tekinolojia tatu. Ya kwanza ni malungu, inayojulikana na kila mzee. Ya pili ni Barongo, inayohusishwa na wahunzi wa kaskazini, upande wa Geita. Ya tatu ni katukutu, ya matanuru mafupi yaliyopulizwa kwa mivukuto, ambayo masalia yake yamo Nkasi hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, na ambayo ni ya zamani kuliko malungu.

Katukutu ndiyo inayofanana zaidi na gari letu lisilo na nembo. Tanuru lenyewe mara nyingi limeshabomoka. Aliyelijenga hakuacha jina. Kilichobaki ni mavi ya chuma, yaani uchafu ulioganda baada ya kazi, na vipande vya mirija ya udongo iliyoingiza hewa. Hivyo ndivyo vinavyosomwa. Mrija ulioungua ncha yake unaonyesha uliingizwa ndani ya moto kiasi gani. Umbo la uchafu linaonyesha kama ulitiririka nje au ulidondokea shimoni. Upana wa tundu unasema kama hewa ilisukumwa au ilijivuta yenyewe. Mtaalamu hahitaji kuliona tanuru zima ili ajue ukoo wake, sawa na anayejua habari za injini kwa herufi tatu zilizogongwa pembeni ya bloku. Na kutokana na ukoo wa matanuru, Mapunda alisoma pia habari za watu: nani alikuja Ufipa, alikuja na ujuzi gani, na ujuzi gani uliachwa njiani.

Hapa ndipo gari la nyuma ya gereji linapopata thamani isiyohusiana na kasi yake. Kuunda gari Sumbawanga maana yake ni kuunda kwa vitu vilivyofika Sumbawanga. Injini ya Kijapani inaonyesha barabara ya Dar es Salaam. Habu za Land Rover zinarudisha nyuma kwenye miaka ambayo gari hilo ndilo lililokuwa likishuka mabonde ya Rukwa wakati wa masika. Kibao cha onyo chenye jina la duka la Mbala au Kasama kinaelekeza upande wa Matai na mpaka wa Kasesya. Taa za pikipiki ya Kichina zinaweka tarehe: kazi hiyo haikufanyika kabla bodaboda hazijatapakaa. Mishono nayo inazungumza, kwani aliyechomelea kwa mashine ya fimbo za umeme huacha vibonge tofauti na aliyetumia gesi. Mchunguzi mwenye busara hupiga picha hivyo vyote kabla mtu hajaanza kupiga msasa na kupaka rangi mpya, maana ukarabati wa haraka umeua ushahidi mwingi kuliko kutu.

Kutu yenyewe si adui kamili. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini na haioti kutu ya kahawia, ilhali fremu yake ni ya chuma na huliwa. Ukikuta ubavu mzima umekaa juu ya fremu iliyooza, umeshapata jina la mfadhili kabla ya kutafuta namba.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao masoko ya Afrika Mashariki yanauonyesha kila siku. Gari likifa kabisa, springi zake za mabamba huishia kwa mhunzi. Ni chuma kigumu, kimeshasafishwa, kinapatikana bila kuchimba wala kuchoma mkaa siku nyingi, na kinatoa majembe, panga na visu vizuri. Jembe la namna hiyo likiletwa kwenye maabara likakatwa, likang'arishwa na kuwekwa chini ya hadubini, asili yake inajulikana upesi. Chuma kilichotoka kwenye ilungu kina chembe za uchafu zilizonaswa ndani na kunyooshwa na nyundo, na kaboni yake haikutawanyika sawasawa. Chuma cha springi hakina chembe hizo kwa wingi, kimejaa sawasawa, na kina manganisi, mara nyingi pamoja na silikoni au kromiamu, vilivyopimwa kiwandani ili bamba lipinde na kurudi bila kuvunjika. Mhunzi aliyelifua anaweza kuwa mjukuu wa mjenzi wa malungu, lakini chuma chake kilianza safari kwenye kiwanda cha ng'ambo, kikabeba lori kwa miaka kadhaa, na ndipo kikaingia shambani.